Sanduku la Delmer

Jumapili, 3 Machi

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitasema yote, na mengine yakishatoka hayarudi.

Leo wakati wa ushuhuda Delmer alisimama. Nikadhani anataka kumshukuru Mungu kwa goti lake kupona. Akashika benchi la mbele kwa mikono miwili, akalia kidogo, akasema Mungu amemwita. Anaacha kazi yake ya ufundi kwenye machimbo ya kokoto. Sisi watatu wa familia ya Caudill hatutaimba tena Jumapili moja moja hapa bondeni. Tutakwenda kanisa hadi kanisa, jimbo hadi jimbo, tukiishi na kufanya kazi ndani ya gari mwaka mzima, mpaka Bwana atakaposema basi. Kanisa zima likaitikia amina. Dada Eulah Combs alipiga makofi mpaka mkoba wake ukaanguka. Mimi nilikuwa benchi la pili nimeshika kitabu cha nyimbo. Miaka ishirini na miwili nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, na habari za maisha yangu nimezipata pamoja na watu sitini.

Hapa Laurel Lick ushuhuda wa mtu haupingwi. Ukisimama ukasema hapana, hujampinga mumeo, umempinga Roho Mtakatifu. Delmer anajua hivyo. Ndiyo maana alichagua pale.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi umejijibu mwenyewe, Nola."

Binti yetu Jessamine, miaka kumi na saba, alikuwa kiti cha nyuma anaangalia nje. Namwonea huruma kuliko ninavyojionea mimi.

Jumanne, 5 Machi

Sijapika. Wamekula mkate na jamu.

Jumamosi, 16 Machi

Limekuja, gari la kuishi ndani. Delmer ametoa pikapu yetu na boti yake ya kuvulia samaki, akapewa hili na mzee mmoja wa mji wa Corbin ambaye mkewe kafariki. Lina magurudumu sita, rangi ya maziwa yaliyoganda, na harufu ya mbwa. Kitanda chetu kiko nyuma. Cha Jessie kiko juu ya kichwa cha dereva, na lazima apande kwa ngazi. Ukikaa chooni unaweza kunawa mikono kwenye sinki bila kuinuka. Delmer alituonyesha hilo mara mbili, kwa fahari.

Ameliita Sayuni. Amebandika herufi ubavuni mwenyewe, na ile Y ya katikati imelala upande.

Mimi naliita sanduku. "Sanduku lako linavuja," nilimwambia jioni, maana mvua ilikuwa inanyesha na tone lilikuwa linaangukia pale ninapotakiwa kulaza kichwa.

"Sayuni," akasema.

"Sanduku."

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu kuaga kazi. Nimepika katika jiko la shule ile miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimejipangia maneno usiku kucha. Nilipoingia tu akasema, "Pole Nola, Delmer alishatuambia wiki iliyopita pale dukani. Tumeshapata mtu."

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya gunia la unga, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Watu huchanganya vitu hivi viwili. Mtu ananiachisha kazi yangu mimi huku akinunua misumari.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kupima. Delmer kasoma kwamba sanduku likizidi uzito matairi hupasuka, kwa hiyo ameleta ile mizani ya bafuni akaiweka barazani, akasimama kando yake na kalamu sikioni. Kila kitu lazima kipande mizani kabla ya kupewa ruhusa. Sufuria moja kubwa, moja ndogo. Sahani nne za plastiki. Viatu jozi mbili kwa kila mtu. Biblia ya familia ilipita kwa shida.

Kisha nikaleta cherehani ya mama yangu. Ni chuma kitupu, ya kukanyaga kwa mguu, mama alitushonea nayo nguo zote za shule. Nilikuwa nimekwisha kuitoa miguu yake nikabakiza kichwa tu.

"Ratili thelathini na mbili," akasema Delmer. "Haiendi."

"Spika zako zina uzito gani?"

"Hizo ni za huduma."

"Nimeuliza uzito."

"Nola, usianze."

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mizigo yake Delmer yote ni usufi. Yangu ndiyo inayopasua matairi. Nimeirudisha cherehani chumbani nikaifunika shuka.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Tumeimba nyimbo mbili. Watu wanaanza kutuangalia kama tumeshakwenda.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumeuza vitu uani. Sijui nani alibuni desturi hii ya kumwaga maisha yako juu ya meza za kukunja ili majirani wayageuzegeuze. Mama mmoja alinusa mapazia yangu. Kijana mmoja aliuliza kama kabati la vyombo linaweza kuwekwa bunduki.

Eulah alikuja mapema kuliko wote. Ni mjane, ana miaka sabini na kitu, anaongoza akina mama wa kanisa na anaongoza pia mtu yeyote anayesimama karibu. Akachukua kikaango changu cha chuma akakigonga kwa kucha.

"Hiki huwezi kwenda nacho, eti?"

"Kimezidi uzito."

"Masikini. Na hivi utakuwa unapikia nini huko, kofia?"

"Nitapata kitu, Dada Eulah."

"Mimi ningekuwa na mume wa namna hiyo ningempima yeye kwanza." Akakichukua akaenda zake. Nilimkasirikia hadi mchana, hasa kwa sababu lile la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Alhamisi, 25 Aprili

Delmer hawezi kurudi nyuma. Kwenda mbele anakwenda, lakini ukimwambia arudishe sanduku nyuma anatoka jasho, anafoka, anazungusha usukani upande usio wenyewe. Amevunja sanduku la barua la kina Hall, na kibao cha kanisa sasa kimeinama. Fundi mzima wa mitambo. Analaumu vioo.

Leo alipokwenda kutazama mpira kwa kaka yake Otis, Jessie alichukua funguo mezani. "Twende, Mama."

"Twende wapi?"

"Uwanja wa kanisa. Nimeangalia video. Unashika usukani kwa chini. Ukitaka mkia uende kushoto, mkono unakwenda kulia. Ni rahisi, Baba anabishana nalo tu."

Akaweka ndoo mbili chini. Alilirudisha katikati yake mara ya kwanza. Mimi niliangusha ndoo mara nyingi, kisha nikaacha kuangusha. Kuna raha fulani kukitii kitu kikubwa hivyo mpaka nacho kikutii, sikuitarajia na sikutaka kuipenda.

Tulipokuwa tumekaa ngazini nilimwambia nimeumia sana kwa ajili yake, kung'olewa shule mwaka wa mwisho aumalizie kwenye kompyuta, kuacha rafiki zake.

"Rafiki gani?" akasema. "Mama, mimi naomba tuondoke bonde hili tangu darasa la nane."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekasirika vizuri mno. Sikutaka kukukatiza."

Kumbe miezi miwili nimekuwa nikimkasirikia Delmer kwa niaba ya mtu asiyenituma. Basi ikabaki hasira yangu mwenyewe, na hiyo inatosha.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Akina Mama. Nimepewa ua moja kanisani. Delmer kanipa tochi ya kuvaa kichwani.

Jumamosi, 18 Mei

Kwetu mchungaji mpya akifika, au familia ikienda mbali, kanisa huifanyia ratili. Kila nyumba huleta chakula cha uzito wa ratili moja: sukari, unga, kahawa, mafuta. Ndivyo bibi zetu walivyofanya wakati watu hawakuwa na kitu. Ila siku hizi hakuna anayeweza kuleta ratili moja tu bila kuonekana mchoyo, na hapo ndipo tulipoangamia.

Eulah ndiye aliyeongoza. Walikuja saa nane mchana, mvua ikitishia, kila mmoja na boksi. Chupa za kioo za maharagwe, za mahindi, za nyanya. Jamu ya matufaha ya kutosha shule nzima. Paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Magunia mawili ya viazi. Mifarishi mitatu, mmoja una majina yetu. Mchungaji Arvil alileta keki ya nazi na jiwe la kunolea visu. Eulah mwenyewe alileta bitiruti za siki, maboksi manne, kila chupa ina karatasi kwenye kifuniko: Eulah Combs, kwa upendo.

Nilisimama mlangoni mwa sanduku nikamngoja Delmer aseme. Alikuwa na mizani barazani. Alikuwa na kalamu. Nikangoja yule bwana aliyeikatalia cherehani ya marehemu mama yangu awaambie watu hawa kwamba ratili ni ratili.

"Bwana awabariki," akasema Delmer. "Ingizeni, ingizeni. Nafasi ipo."

Wakaingiza. Chini ya vitanda, bafuni, juu ya kitanda cha Jessie. Kila aliyetia boksi lake aligeuka kuangalia kama linaonekana. Eulah alisimama na bitiruti zake mpaka zilipopata mahali pa heshima, karibu na meza, akasema, "Mtakuwa mnanikumbuka kila mkila." Delmer akamkumbatia, machozi yakamtoka.

Walipoondoka nilimwambia, "Cherehani ya mama yangu."

"Nola, watu wamejitolea. Nitawakataaje?"

"Ulivyonikataa mimi. Ulitumia neno gani? Tumia hilohilo."

Akasema ni tofauti. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema wao ni kanisa. Kwa hiyo mimi ni nani, mpangaji? Nilikwenda nikakaa ndani ya nyumba isiyo na viti, chini kabisa, nikaegemea ukuta uliojengwa na baba yangu. Angenikatalia kwa sababu ya uzito ningevumilia. Amenikatalia kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye anaona hakuna hasara kunikatalia.

Jumatatu, 20 Mei

Nilimlazimisha aende akalipime kwenye mizani ya malori kule machimboni. Tulikwenda wote watatu. Katika kona ya mlima wa Slate tairi la nyuma kulia likapasuka kwa mshindo, sanduku likainama, na boksi moja la bitiruti likaruka kutoka mahali pake pa heshima. Chupa zikavunjika. Maji mekundu yakatiririka hadi miguuni kwa dereva.

"Nani kaumia?" Delmer akapiga kelele. "Jessie! Damu!"

"Ni mboga, Baba," akasema Jessie.

Virgil Slone, aliyekuwa msimamizi wake, alikuja na vijana wake kutusaidia kubadilisha tairi, kisha wakatusindikiza polepole hadi mizani. Alisoma namba, akasoma tena.

"Delmer, ndugu yangu, hii ni nyumba au ghala?"

"Ni ratili," Delmer akasema kwa sauti ndogo.

"Ratili ya nani, Farao?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimtazama Delmer akichezea kofia yake mbele ya wanaume aliofanya nao kazi, na nikaona kwamba huyu mtu hawezi kabisa kuvumilia kuchekwa. Nimeishi naye miaka yote hii nikidhani ana kiburi. Ni woga. Lakini woga wake unaniponda sawasawa na kiburi.

Jumatano, 22 Mei

Siku ya mwisho jikoni shuleni. Watoto wamenichorea kadi. Mmoja kanichora nimekaa juu ya gari, sio ndani.

Alhamisi, 23 Mei

Tumegombana juu ya chupa. Mimi nasema tuzipeleke chumba cha chini cha kanisa, kwenye kabati la wahitaji, tuseme wazi: tunashukuru, gari limekataa. Delmer anasema kurudisha zawadi ni kumtemea mtu usoni. Atazipeleka kwenye ghala la msaada la wilaya jirani, kule hakuna anayetujua.

"Basi bandua majina."

"Nani atasoma vifuniko?"

"Delmer, bandua majina."

"Nola, wewe una wasiwasi." Akaazima pikapu ya Otis akaenda.

Jumapili, 26 Mei

Mpwa wa Eulah hujitolea pale ghalani kila Jumamosi.

Leo kabla ya mahubiri Mchungaji Arvil aliuliza kama kuna mtu mwenye hitaji la maombi. Eulah akasimama polepole. Kofia ya bluu, glavu.

"Naomba tumwombee mtu," akasema, "ambaye sadaka ya wajane ni taka kwake. Mungu amjalie moyo. Sitamtaja jina. Jina langu mimi ndilo limetajwa, tena kwenye rafu, chupa thelathini."

Kila shingo ilitugeukia. Tulikuwa tuimbe baada ya hapo. Delmer alifika mbele, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Jessie akaanza peke yake, nami nikaingia chini yake, sisi wawili tukauimba wimbo wote, sauti ya baba ikiwa pengo katikati. Nilikuwa nimewaka. Nilimkasirikia Eulah kwa kutuanika, nikamkasirikia Delmer kwa kutokubandua karatasi, nikalikasirikia kanisa lililokaa likitazama. Na nilipokuwa nimewaka hivyo nilisikia sauti yangu ikipanda mahali ambapo haijawahi kupanda.

Hakuna aliyetuaga mlangoni. Delmer hakula chakula cha mchana.

Jumatatu, 27 Mei

Watu wanaoishi katika magari haya wana sheria moja: kabla ya kuondoka, lala uani kwako wiki nzima. Nyumba ifungwe, asiingie mtu hata kwa kuchukua kijiko. Kinachokosekana utakijua ukiwa bado karibu. Delmer ndiye aliyeisoma. Delmer ndiye aliyefunga mlango mbele yetu leo, kama mchungaji anayebariki ndoa.

Kwa vile zile ratili zimetoka, nafasi ipo. Nimeingiza cherehani ya mama. Sikumuuliza mtu.

Jumanne, 28 Mei

Mvua. Viwiko vyetu vinagongana. Jessie anaimba juu kitandani.

Jumatano, 29 Mei

Mvua. Tanki la choo limejaa, na Delmer aliunganisha bomba vibaya. Siandiki yaliyotokea. Kuna mtu amevaa suruali ya pili na ile ya kwanza imechomwa moto.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua. Nimejifunza kuoga kwa maji ya sufuria moja na kupika wali na maharagwe huku nimekaa. Delmer hasemi. Anakwenda "kutembea" kila mchana, anarudi nywele zimelowa. Nilidhani ni mvua.

Ijumaa, 31 Mei

Leo mvua haikunyesha, na Delmer alirudi nywele zimelowa.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Dirisha la jikoni lilikuwa limefunguliwa kidogo, na chini yake kuna ndoo iliyopinduliwa. Nilipanda ndoo, nikaingia, nikafuata mvuke. Mume wangu alikuwa ndani ya bafu, kwenye nyumba tupu, saa tisa mchana, maji hadi kidevuni, macho amefumba. Pembeni yake kulikuwa na godoro dogo la kupigia kambi, na mto.

Waliosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hawakumaanisha hivi.

"Nola," akasema. "Naweza kueleza."

"Eleza."

Akaeleza. Usingizi hauji ndani ya sanduku. Dari liko karibu. Anahisi anazikwa. Halafu jambo la kanisani: hawezi kuondoka wakati watu wanamsema, lazima abaki aweke sawa. Amewaza, ameomba, na anaona mlango umefungwa.

"Mlango upi?"

"Mungu amefunga mlango, Nola. Nimeshaongea na Virgil. Naanza kazi machimboni Jumatatu ya tarehe kumi. Nimemwambia na Mchungaji. Nitawaambia wale walimu tuliowakodishia nyumba kuanzia tukiondoka watafute kwingine."

Nikakaa juu ya kifuniko cha choo. Nimetoa kazi yangu. Nimetoa kabati la mama mkwe, meza, mapazia yaliyonuswa, kuku wangu sita. Nimejifunza kurudisha tani tano nyuma kati ya ndoo mbili. Na huyu bwana, mtupu, povu kifuani, amekwisha kuwaambia Virgil, Mchungaji, na karibu wapangaji, na mimi ni wa nne.

"Delmer, uliamua twende bila mimi. Sasa umeamua tusiende bila mimi."

"Si ulikuwa hutaki?"

"Nilikuwa sitaki. Uliniuliza?"

"Nola, nakupa ulichokitaka."

"Sikukitaka kutoka kwako. Nilitaka niulizwe." Nikasema na mengine. Niliyasema yote tangu tarehe tatu Machi, na bafu lile linavuma, kwa hiyo nadhani kina Hall walisikia. Mwisho nikamwambia asiwaguse walimu, nyumba ni ya baba yangu na mkataba nimeutia sahihi mimi. Nikachomoa kizibo cha bafu nikatoka kwa mlango wa mbele.

Jumamosi, 1 Juni

Delmer kaenda kulala kwa Otis. Dari la Otis liko juu, inasemekana.

Jumatatu, 3 Juni

Nimempigia simu yule mchungaji wa jimbo la Tennessee aliyetualika kuimba. Mimi mwenyewe, kwa sauti yangu. Nilimwambia huenda tukawa wawili tu. Akasema si neno. Halafu nikamuuliza kama kambi yao ya vijana ya kiangazi ina mpishi. Akasema aliyekuwepo kaolewa juzi na watoto wanakula soseji za maji moto.

Nina kazi hadi mwisho wa Agosti. Mahali pa kuegesha, umeme, maji, jiko lenye plate nane. Jumapili tunaimba. Jessie alinikumbatia tukagonga vichwa kabatini.

Kwanza nilimuuliza yeye kama anataka. Kisha ndipo nikasema ndiyo.

Jumatano, 5 Juni

Eulah kaja. Nilikuwa juu ya paa la sanduku napaka gundi pale panapovuja.

"Nimekuja kukusema," akasema kutoka chini.

"Karibu, Dada Eulah. Panda unisemee huku, sishuki."

"Mimi nina miaka sabini na sita."

Basi nikashuka. Tukakaa ngazini mwa sanduku, maana nyumbani hakuna kiti. Alinisema vizuri, kwa mpangilio, tangu adabu za mama yangu hadi zangu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia kuhusu tairi, na mizani ya machimbo, na yale maji mekundu. Nikamwambia kwamba mimi nilitaka tuseme wazi, na kwamba nilikaa kimya kwa kuwa sikutaka tena vita, na hilo ni kosa langu, sio la Delmer.

"Na wewe ungeleta ratili moja," nikamwambia, maana nilikuwa bado nina hasira naye. "Ndiyo maana inaitwa ratili."

Alitazama glavu zake. "Ratili moja mngeila siku mbili. Halafu basi, mngekuwa mmetusahau."

Nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kumsahau, wala kwamba analiogopa hilo. Akaomba aone ndani. Akaona cherehani, akaigusa. Akakaa kiti cha dereva, akashika usukani akatazama barabara muda mrefu.

"Delmer atakwenda?"

"Sijui. Hajasema, na safari hii simsemei."

"Mwanaume akiaibika ni kazi," akasema. Wakati wa kushuka alitoa chupa moja mkobani. "Hii ni moja. Ukitaka ipime."

Ijumaa, 7 Juni

Nimempa Eulah funguo za nyumba awakabidhi walimu. Nimemtumia Delmer ujumbe mmoja kupitia Otis: tunaondoka kesho saa mbili asubuhi, mimi na Jessie, na hakuna anayemwamulia. Otis akaniuliza, "Niongeze kitu? Kwamba unampenda, kitu kama hicho?" Nikamwambia anajua, hilo halijawahi kuwa tatizo letu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kambini, Tennessee. Jessie yuko nje anazungumza na watu wa rika lake, anacheka.

Asubuhi tulikagua gesi, maji, upepo wa matairi. Nilifunga kabati zote. Zilikuwa zimebaki dakika chache nami nikakoroga kahawa kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kupitia dirisha dogo la jikoni nilimwona Delmer akipanda njia kwa miguu, begi moja mkononi, shati la kanisani. Alifika mlangoni. Mlango ulikuwa haujafungwa, yeye ndiye aliyelinunua gari lile na kulibandika jina, na kwa kawaida yake angeingia akianza kutoa amri hata kabla mguu wa pili haujafika. Akasimama. Akagonga.

"Hodi."

Jessie akanitazama. Mimi nikaendelea kukoroga.

"Hodi, Nola."

"Nani?"

"Delmer."

"Unataka nini?"

Nilisikia anahamisha begi mkono. "Nimemwambia Virgil siji Jumatatu. Lakini hilo ni langu. Naja kukuuliza kama mnanitaka. Mkisema hapana nitarudi kwa Otis, na sitaenda kumwambia mtu yeyote vingine." Kisha akasema, "Lile dari bado naliogopa."

Nilikuwa bado nimekasirika. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na nadhani nitakuwa hivyo hadi majani yaanguke. Lakini nilikuwa nimeulizwa, na mtu akiulizwa hujibu. Nikamtazama Jessie. Akainua mabega, akatabasamu kidogo.

"Pita," nikasema.

Akaingia, akaweka begi chini, akaelekea mbele kwa mazoea. Akakuta mto wangu kwenye kiti cha dereva na miwani yangu juu ya usukani. Alisimama hapo kidogo. Kisha akageuka, akaenda kukaa nyuma karibu na sinki, akafunga mkanda, nami nikawasha gari.